Gemu, laivu na video kwenye kompyuta moja: vipuri vinavyochaguliwa kwa kufuata kazi

Ushauri unaosikika zaidi kuhusu kompyuta ya namna hii ni mwepesi: nunua prosesa yenye viini vingi, kadi kubwa ya michoro na RAM ya kutosha. Si uongo, ila haukusaidii kuchagua. Kadi mbili zinazolingana kwenye gemu zinaweza kuachana mbali siku unapozipa video iliyotoka kwenye kamera. Prosesa inayoongoza kwenye gemu inaweza kuachwa nyuma na nyingine ya bei ileile mara tu unapoanza kutoa faili la mwisho. Kabla ya kutaja jina la kipuri chochote, jiulize kazi ipi inaelemea sehemu gani ya mashine.

Gemu huelemea sehemu ya kadi inayochora picha, pamoja na viini vichache vya prosesa ambavyo lazima viwe na kasi kubwa. Laivu, kinyume na wengi wanavyodhani, haili sana nguvu za kompyuta ya kisasa. Uzito wake ni kubana picha 60 kila sekunde, na kazi hiyo ina injini yake ya pekee. Kuhariri ndiko kunakogusa kila kitu, lakini kwa zamu: mara kufungua faili lililobanwa na kamera, mara kukokotoa rangi na efekti, mara kubana tena kilichokamilika. Kipuri kinachounganisha laivu na kuhariri hakitajwi hata kwenye boksi la kadi, nacho ndicho kinachowaumiza watu baada ya kununua.

Injini ya video

Ndani ya kadi ya michoro kuna saketi ndogo isiyohusika na kuchora gemu. Kazi zake ni mbili, kubana video na kuifungua. NVIDIA huita sehemu ya kubana NVENC na ya kufungua NVDEC. Intel huita yake Quick Sync, na ya AMD ni VCN. Kwa kuwa saketi hii iko peke yake, kurusha laivu kwa kuitumia hukupunguzia fremu chache tu za gemu. Zamani picha safi ilipatikana kwa x264, programu inayobana kwa kutumia prosesa, na ndiyo sababu watu walijenga kompyuta mbili, moja ya kucheza na nyingine ya kurusha. Kadi za RTX 20 za mwaka 2018 zilibadilisha hesabu hiyo: NVENC yake ya H.264, njia ya kubana video iliyozoeleka zaidi, ilikaribia ubora wa x264 ya mpangilio wa kati bila kuigusa prosesa. Tangu hapo kompyuta ya pili ni gharama ngumu kuitetea kwa mtu anayerusha peke yake.

Kinachofuata ni kodeki, yaani njia ya kubana video kama H.264, HEVC na AV1, na hapa watu huchanganya mambo mawili: uwezo wa kufungua kodeki fulani si uwezo wa kuibana. RTX 30 hufungua AV1 lakini haiwezi kuibana. RTX 40 ya NVIDIA, RX 7000 ya AMD na Intel Arc hufanya yote mawili. Umuhimu wa AV1 unategemea unarusha wapi. YouTube hupokea AV1 na HEVC kwenye laivu, na kwa kiasi kilekile cha data AV1 hutoa picha safi kuliko H.264, hasa kwenye majani, moshi na mvua, vitu vinavyobadilika kila fremu. Twitch kwa kawaida inategemea H.264, na pendekezo lake kwa 1080p ya fremu 60 ni kilobiti 6,000 kwa sekunde. Ukirusha huko tu, angalia ubora wa H.264 wa kadi na usilipe zaidi kwa ajili ya AV1. Hapo ndipo kadi za AMD zilikuwa nyuma kwa miaka mingi. Mfululizo wa RX 9000 wa mwaka 2025 umepunguza pengo hilo.

Kwa upande wa kuhariri kuna mtego mwingine, nao umejificha kwenye tarakimu tatu: 4:2:0 na 4:2:2. Kamera huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huifupisha. Katika 4:2:0 pikseli nne hugawana sampuli moja ya rangi. Katika 4:2:2 pikseli mbili ndizo zinazogawana. Video za simu nyingi na rekodi za skrini ni 4:2:0, na kadi yoyote ya miaka ya karibuni huzifungua bila taabu. Lakini kamera kama Sony a7 IV na Canon EOS R6 hurekodi HEVC ya 4:2:2 yenye biti 10, na kadi zote za NVIDIA kabla ya RTX 50 haziwezi kuifungua kwa injini yao. Zinamudu 4:2:0 na 4:4:4, zikaruka iliyo katikati. Matokeo yake mtu mwenye RTX 4080 anaona taimulaini inakwama, prosesa iko asilimia 90 na kadi imepumzika. Anadhani draiva imeharibika, kumbe kazi yote imeangukia viini vya prosesa.

Njia za kutoka ni tatu. Ya kwanza ni kadi ya RTX 50, ambayo hufungua na kubana 4:2:2 za H.264 na HEVC. Ya pili ni prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 au baadaye yenye kadi ya ndani, kwa kuwa Quick Sync yake hufungua HEVC ya 4:2:2. Ila chunga herufi F mwishoni mwa jina la prosesa, maana F inamaanisha kadi ya ndani haipo, na Quick Sync inaondoka nayo. Punguzo dogo la bei la F humfaa mchezaji, humnyima mhariri. Ya tatu haihitaji kununua kitu: tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video, uhariri kwa hizo, na programu irudi kwenye mafaili halisi wakati wa kutoa. Inakula muda wa maandalizi na nafasi ya diski, lakini inafanya kazi hata kwenye mashine ya zamani.

Idadi ya injini nayo hutofautiana. RTX 5070 ina injini moja ya kubana, RTX 5070 Ti na 5080 zina mbili, RTX 5090 tatu. Kwa laivu ya 1080p moja inatosha. Ya pili huonekana faida yake unaporusha na kurekodi 4K kwa wakati mmoja, au unapotoa video ndefu mara kwa mara.

Kumbukumbu ya kadi

Ukishajua injini, angalia VRAM kabla ya kasi. GB 8 zinabana hata kwa gemu nyingi mpya za 1440p, na kumbuka hapa gemu haiko peke yake: programu ya kurusha inashika sehemu yake, kivinjari chenye gumzo la watazamaji kinashika sehemu yake. VRAM ikijaa, data humwagikia kwenye RAM kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na kompyuta nzima, na gemu huanza kukatika kwa vipindi vifupi visivyotabirika. Wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri kwenye kipimo huku macho yakiona kukwama. Tatizo huzidi kwa kadi zenye njia 8 tu za PCIe, kama RTX 4060 na 5060 Ti, zikiwekwa kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0.

Kwenye kuhariri mambo ni makali zaidi, kwa sababu programu inaweza kukataa kabisa kazi badala ya kupungua kasi. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ikiwa na kipande cha 4K, ukaongeza kichujio cha kuondoa chembechembe na efekti mbili tatu, VRAM ya GB 8 huisha na ujumbe wa kumbukumbu ya kadi kujaa hutokea. GB 12 ni mwanzo unaokubalika. GB 16 ndizo za kulenga kwa 4K. RTX 5060 Ti inauzwa ya GB 8 na ya GB 16 kwa jina lilelile, kwa hiyo soma namba ya GB na si jina peke yake. Kati ya kadi ya GB 16 iliyo polepole kidogo na ya GB 8 iliyo na kasi kidogo, mtu wa kazi hizi tatu achukue ya GB 16.

Prosesa: viini vingi au L3 kubwa

Gemu hupenda kumbukumbu ya L3, ile iliyo ndani ya prosesa yenyewe, kwa sababu kila mara data isipopatikana pale, kiini husubiri RAM. Ryzen 7 9700X na Ryzen 7 9800X3D zote zina viini 8, lakini ya kwanza ina L3 ya MB 32 na ya pili MB 96, na kwenye gemu zinazotegemea prosesa tofauti hiyo inaonekana wazi. Kwenye kutoa video, L3 hiyo ya ziada haikupi kitu cha maana. Pale viini ndivyo vinavyohesabika: Ryzen 9 9950X ina 16, na Core Ultra 7 265K ina 20, yaani 8 vya kasi na 12 vidogo, pamoja na kadi ya ndani yenye Quick Sync.

Anayepata riziki kwa kuhariri na kucheza jioni, 265K ni chaguo la busara kuliko sifa zake kwenye majedwali ya gemu. Anayecheza kwa ushindani, akarusha, na kukata vipande vya dakika 10 mara moja kwa wiki, viini 8 vyenye L3 kubwa vinamtosha. Ryzen 9 9950X3D hutoa vyote viwili, lakini ina vipande viwili vya viini na ni kimoja tu chenye L3 ya nyongeza. Windows lazima ijue gemu iende kipande kipi, na hilo hutegemea draiva za chipseti za AMD na Xbox Game Bar. Mtu anayefuta Game Bar kwa kuiona takataka hujikuta na prosesa ya bei kubwa inayocheza gemu chini ya uwezo wake.

Ukinunua Core ya Intel ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, uliza historia yake. Prosesa za juu za vizazi hivyo zilikuwa na kasoro ya volteji iliyozichakaza taratibu, na Intel ilianza kutoa marekebisho ya maikrokodi mwezi Agosti 2024. Marekebisho huzuia uharibifu kuanza. Hayarudishi prosesa iliyokwisha kudhurika. Dalili ni gemu kuzimika zenyewe na mafaili makubwa kushindwa kufunguka kutoka kwenye zipu.

RAM

GB 32 ndiyo sakafu ya kazi hizi. GB 64 ni kwa mwenye miradi ya 4K yenye matabaka mengi, na hasa mtumiaji wa After Effects, programu ya efekti za video, ambayo huhifadhi kila fremu iliyokokotolewa ndani ya RAM na kuila yote unayoipa.

Nunua vijiti viwili, si vinne. Hili si suala la ladha. Kwa DDR5, mtawala wa kumbukumbu ndani ya prosesa hulemewa na vijiti vinne: AMD kwa Ryzen 9000 hutaja rasmi kasi ya 5600 kwa vijiti viwili, na 3600 tu kwa vinne. Mtu anayenunua mara mbili GB 16 leo kwa mpango wa kuongeza mbili mwakani anapanga kupunguza kasi ya kompyuta yake. Kama unahisi utahitaji 64, chukua mbili za 32 tangu mwanzo.

Kasi peke yake nayo haisemi kila kitu. Ucheleweshaji halisi unaupata kwa kuzidisha CL, namba ya ucheleweshaji inayotajwa kwenye kijiti, kwa 2,000 kisha kugawa kwa kasi. DDR5-6000 ya CL30 ni nanosekunde 10. DDR5-6000 ya CL40 ni zaidi ya 13. Kwa Ryzen 7000 na 9000, 6000 ya CL30 ndipo mahali ambapo bei na faida hukutana. Baada ya kufunga, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi, uwashe EXPO au XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyotangazwa. Usipofanya hivyo vijiti hivyo huenda kwa kasi ya kawaida, mara nyingi 4800, na hakuna atakayekuambia.

Diski

Video ni nyepesi kuliko watu wanavyoogopa. Rekodi ya laivu ya megabiti 40 kwa sekunde ni MB 5 kwa sekunde, sawa na GB 18 kwa saa. Kamera ya megabiti 100 hutoa GB 45 kwa saa. Hata video ya 4K kwa fremu 30 ya ProRes 422 HQ, kodeki isiyobana sana, ambayo hufikia takriban megabiti 884 kwa sekunde, inahitaji MB 110 tu kila sekunde, ingawa itakujazia karibu GB 400 kwa saa moja. SSD ya PCIe 3.0 husoma MB 3,500 kwa sekunde na ya PCIe 4.0 MB 7,000. Kwa hiyo SSD ya PCIe 5.0 ya MB 14,000 haitafanya taimulaini iwe laini zaidi. Fedha hiyo ikanunue ukubwa.

Kinachoumiza ni aina ya chipu. SSD nyingi za bei nafuu ni QLC, zinazohifadhi biti nne kwa kila seli. Huandika haraka mwanzoni kwa sababu sehemu ya seli hutumika kwa muda kama kumbukumbu ya kasi, na sehemu hiyo ni kama ndoo chini ya bomba: ikijaa, kinachoingia hakiwezi kuzidi kinachotoka. Ukinakili GB 300 za kamera, dakika za kwanza zinakwenda kwa MB 3,000, kisha kasi inaanguka hata chini ya ile ya SSD za aina ya zamani, za SATA. Diski ikikaribia kujaa ndoo yenyewe hupungua. Kwa diski ya miradi chagua TLC, yenye biti tatu kwa kila seli, na acha angalau asilimia 15 wazi.

Mgawanyo unaofaa ni SSD moja ya mfumo, programu na gemu, TB 1 au 2, na nyingine ya TB 2 kwa miradi inayoendelea. Diski ya sahani zinazozunguka bado ina kazi yake, kuhifadhi miradi iliyokwisha. Usihariri moja kwa moja kutoka humo, kwa sababu kichwa cha kusomea kikirukaruka kati ya kamera tatu hakifiki kwa wakati.

Mazabodi na matundu yake

Mazabodi haiongezi fremu. Inachotoa ni matundu, umeme ulio tulivu kwa prosesa na maisha marefu, na kwa AM5, soketi ya Ryzen 7000 na 9000, chipseti ya B650 au B850 inatosha karibu kila mtu. Fungua mwongozo wa mtumiaji kabla ya kununua, ukurasa wa matundu ya M.2, yale ya SSD. Kwenye baadhi ya mazabodi kuweka SSD kwenye tundu la pili hupunguza kadi ya michoro kutoka njia 16 hadi 8, na kwingine huzima milango miwili ya SATA. Matundu yanayopita kwenye chipseti yote hugawana njia moja kwenda kwa prosesa, kwa hiyo kunakili kutoka SSD moja hadi nyingine za upande huo kunaweza kuwa polepole kuliko ulivyotarajia.

Mtu wa laivu ahesabu pia milango ya USB, na asihesabu idadi tu. Kifaa cha kunasa picha kutoka kwa konsoli au kamera, kikituma 1080p ya fremu 60 bila kubana kwa muundo wa YUY2, hubeba MB 249 kila sekunde. USB 2.0 yenye megabiti 480, yaani MB 60, haiwezi. Picha itabanwa vibaya au itakatika. Vifaa viwili vya aina hiyo kwenye habu moja ya gigabiti 5 vinaijaza kabisa. Vitenganishe, kimoja nyuma ya mazabodi na kingine mbele ya kasha, na kipanya na maikrofoni vihamie milango ya USB 2.0 ambako vinatosheka.

Prosesa mpya kwenye mazabodi iliyokaa dukani huenda isiwake hadi BIOS isasishwe. Mazabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa hukuokoa na safari ya kuazima prosesa ya zamani.

Umeme

Hesabu kwa matumizi halisi. Ryzen ya AM5 iliyoandikwa wati 120 inaruhusiwa kufika 162, na ya wati 170 hufika 230. RTX 5070 Ti ni wati 300. Ongeza wati 60 hadi 80 za mazabodi, diski, feni na vya USB. Mashine ya 9800X3D na 5070 Ti inafika takriban 540, kwa hiyo pawasapulai ya 750 ina nafasi ya kutosha. RTX 5090 yenye wati 575 inataka 1,000 au zaidi. Nafasi hiyo si anasa: kadi za kisasa huruka ghafla kwa sehemu ndogo sana ya sekunde hadi juu ya kiwango chake, na pawasapulai dhaifu huona hitilafu na kuzima kompyuta nzima katikati ya laivu. Viwango vya pawasapulai vya ATX 3.0 na 3.1 viliandikwa kwa kuzingatia miruko hiyo.

Nembo ya 80 Plus Gold hupima umeme unaopotea kama joto. Haipimi ulinzi wala ubora wa vipuri vya ndani. Muda wa dhamana husema zaidi. Mtengenezaji anayetoa miaka 10 amejiamini.

Waya wa pini 16 wa kadi kubwa za NVIDIA uliyeyuka kwa baadhi ya wamiliki wa RTX 4090 kuanzia mwaka 2022, na sababu kuu iliyobainika ni kutoingia hadi mwisho. Toleo lililorekebishwa, 12V-2x6, lina pini fupi za utambuzi ili kadi isivute umeme plagi ikiwa nusu. Isukume hadi pengo lisionekane, na usiikunje ndani ya milimita 35 kutoka kwenye plagi. Na usichanganye waya za pawasapulai mbili hata zikiingia vizuri. Upande wa kadi na diski pini ni za kiwango kimoja, upande wa pawasapulai kila mtengenezaji hupanga zake, na volti 12 ikiingia kwenye pini ya volti 5 huunguza diski zote kwa mara moja.

Joto na kasha

Kipoza cha mnara chenye feni moja au mbili za milimita 120 kinatosha kwa viini 8. Kwa viini 16 au 20 vinavyotoa video kwa saa nzima, radieta ya milimita 360 inaleta utulivu. Ukiweka radieta ya maji, sehemu ya juu ya radieta iwe juu kuliko pampu, la sivyo hewa iliyomo hukusanyika kwenye pampu, ikapiga kelele na kufa mapema. Usishtuke kuona Ryzen ikifika nyuzi 95 kwenye kazi nzito. Mfululizo wa 7000 uliundwa kufanya kazi hapo.

Kasha lenye uso wa wavu mbele, feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa. Pima urefu wa kadi ukiondoa unene wa radieta ya mbele, na kimo cha kipoza. Mengine ni rangi na taa.

Fedha ikipungua

Punguza kwa mpangilio huu: kasha na taa, kisha mazabodi, kisha kasi ya SSD, kisha L3 ya ziada ya prosesa. Pawasapulai na VRAM visiguswe. Monita ya 4K pia inaweza kusubiri, maana ina pikseli milioni 8.3 dhidi ya milioni 3.7 za 1440p, na kila moja lazima ichorwe na kadi uliyoinunua. Kuhariri 4K kwenye kioo cha 1440p hakuna shida. Afadhali kioo kinachofunika sRGB yote kwa rangi sahihi.

Baada ya kufunga

Kompyuta isipoonyesha kitu mara ya kwanza, subiri. Mashine ya AM5 hufundisha RAM mwanzoni, yaani hutafuta mipangilio inayoifaa, na inaweza kukaa giza dakika kadhaa. Wengi huizima katikati na kuanza upya mzunguko uleule. Ikizidi dakika 15, angalia waya wa pini 8 wa prosesa kwenye kona ya juu ya mazabodi, kisha vijiti vya RAM, ambavyo viwili hukaa tundu la pili na la nne kuhesabia kutoka kwa prosesa. Plastiki ya kinga iliyo chini ya kipoza husahaulika mara nyingi kuliko inavyoaminika. Waya wa kioo uingie kwenye kadi, si kwenye mazabodi, na Windows iambiwe Hz 144 au 165, kwa sababu yenyewe mara nyingi huanza na 60.

Kisha jaribu laivu bila watazamaji, ukifungua dirisha la takwimu la OBS, programu ya kurusha. Lina hesabu tatu za fremu zilizopotea, na kila moja ina mkosaji wake. Zikipotea kwenye mtandao, kasi ya kupandisha ndiyo ndogo. Ukirusha megabiti 6 uwe na angalau 10 zilizo tulivu. Zikipotea kwenye kubana, injini au mpangilio wake umezidiwa. Zikipotea kwenye uchoraji, gemu imeila kadi yote na OBS haipati nafasi ya kupanga picha yake, jambo linalowashangaza wenye kadi kubwa kuliko wote. Dawa ni kuweka kikomo cha fremu kwenye gemu ili kadi ibaki chini kidogo ya asilimia 95, na kuendesha OBS kama msimamizi ili Windows iipe kipaumbele. Rekodi kwa MKV, kwa kuwa umeme ukikatika MP4 ya kawaida isiyofungwa vizuri haifunguki tena, lakini MKV hubaki hadi sekunde ya mwisho iliyoandikwa. Kuibadilisha kuwa MP4 baadaye ni suala la sekunde chache.

Mwisho endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha EXPO ikiwa imewashwa. Kosa moja la RAM linatosha kuharibu mradi bila kuizima kompyuta. Likijitokeza, shusha kasi hatua moja na upime upya. Likiendelea hata kwa kasi ya kawaida, rudisha vijiti vyote viwili dukani muda wa kurejesha ukiwa bado haujaisha.